Amri ya Mwisho ya Jenerali Majivu

Manase, ndugu yangu,

Nimeolewa. Naliandika neno hili kwanza kwa sababu limenikaa kooni tangu asubuhi, na kwa sababu wewe ndiye mtu ambaye ningemkimbilia kumwambia, na nisingekukuta umefurahi.

Majuma sita sasa. Nimeolewa na Zakayo, fundi wa kushona wa pale kibarazani, yule uliyemwita "Bwana Futi" kwa sababu ya futi ya kupimia aliyoivaa shingoni hata kanisani. Bado anaivaa. Jana aliivua akanipima kiuno, akatangaza kwamba hakijabadilika tangu Jumamosi, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa na shaka. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Jioni anarudi na nyuzi kwenye nywele, nyekundu, kijani, nyeupe, na mimi namkalisha kwenye kigoda nizitoe mmoja mmoja. Sikujua mtu anaweza kufurahi kwa kuokota nyuzi. Anapopiga pasi anaimba, na anaimba vibaya, na mimi nasimama mlangoni kama mjinga nikimsikiliza. Nina furaha, Manase. Nina furaha mpaka naona haya mbele ya Mama.

Na nina uchungu nawe. Furaha yote hii nimeumwagia uchungu huo kama maji, na haujatoka.

Jumapili iliyopita tulimaliza vita.

Ndiyo, vile vyetu. Nilicheza na Zakayo, yeye upande wako, mimi upande wangu. Hakuwa anajua lolote, kwa hiyo nililazimika kumweleza tangu mwanzo, na nilipokuwa nikieleza niliona kwa mara ya kwanza jinsi mambo yetu yalivyo ya ajabu kwa mtu ambaye hakukulia ndani yake.

Nilimwambia kwamba wewe ulikuwa na miaka kumi na tatu na mimi minane, mwaka ule Baba alipofariki, na Mama akawa hataki kelele nyumbani. Tukaenda mtoni Njoro tukachimba udongo, tukafinyanga watu wadogo wenye urefu wa kidole cha mwisho, tukawachoma kwenye jiko la Mama chini ya viazi. Wangu nikawapaka buluu ya kufulia. Wako ukawapaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo kule shedi ya garimoshi. Wangu wakaitwa Waziwa, na malkia wao nikawa mimi. Wako wakaitwa Wamlima, na mkuu wao akawa Jenerali Majivu, kwa kuwa ulisema mtu anayetoka Menengai, mlima wa moto, hawezi kuwa na jina jingine. Tulitandika blanketi la kijani mezani na vitabu chini yake viwe vilima. Nilimwambia Zakayo jinsi Mama alivyokuja akachomoa Biblia chini ya blanketi na kuangusha kikosi chako kizima, akisema, "Biblia si mlima!" Alicheka sana. Mimi nilianza kucheka, halafu sikuweza kuendelea.

Kila Jumapili baada ya kanisa, miaka kumi. Mpaka wewe ukawa karani wa stoo mwenye suruali ya pasi na mimi nikarudi kutoka sekondari na mapozi yangu ya bweni, na bado tulipiga magoti kando ya meza tukipima hatua za askari wa udongo kwa rula. Wanawake wa landhi, zile nyumba zetu za reli, walimwambia Mama akuombee. Wewe ulisema, "Wengine wana pombe, mimi nina Wamlima."

Halafu nilimweleza Zakayo kanuni ya amri, kwa sababu bila hiyo hangeelewa kitu. Kwamba kabla ya siku ya mwisho ya vita kila mkuu anaandika amri zake kwenye karatasi, anaikunja, anaifunga kwa nta ya mshumaa na kuikandamiza kwa kidole gumba. Na kwamba hukai na karatasi yako mwenyewe. Unampa adui yako aitunze, usije ukabadilisha mawazo usiku ukaifungua na kuandika upya. Mimi nakaa na yako, wewe unakaa na yangu. Siku ikifika tunavunja nta pamoja, na kilichoandikwa ndicho kitakachofanyika, kiwe cha busara au cha kijinga. Uliitunga kanuni hiyo kwa ajili yangu. Ulisema mimi hubadilika kama upepo wa ziwani.

Zakayo akauliza, "Na mlikuwa mnapigania nini?"

Nilitazama blanketi. Nikamwambia, "Wewe."

Unakumbuka, Manase? Ulikuwa umekaa kiti cha Baba, na wazee wa Zakayo hawangeweza kuja na posa mpaka wewe useme waje. Na wewe ukasema, Beka kwanza aende chuo cha ualimu, miaka miwili, ndipo aolewe na fundi wake akipenda. Mimi nikasema Zakayo hatangoja. Ukasema, "Asiyeweza kungoja miaka miwili atakungoja vipi jikoni?" Tuligombana mwezi mzima. Niliacha kukupakulia chakula. Ulijipakulia mwenyewe, tena sahani imejaa, ukiniangalia. Mwisho Mama akachoka, akasema, "Nendeni mkapigane mezani kwenu, mniache nipumue." Tukakubaliana hapo hapo, tukashikana mikono juu ya blanketi. Wamlima wakishinda, naenda chuo. Waziwa wakishinda, unawakaribisha wazee kabla ya Krismasi. Vita vya Daraja. Tulipanga majeshi, tukacheza Jumapili tatu, tukabaki na siku ya mwisho. Tukaandika amri, tukafunga, tukabadilishana. Yako niliiweka kwenye kopo la majani ya chai. Yangu uliitia mfuko wa ndani wa koti lako la kazini, ukaupigapiga ukasema, "Malkia yuko salama."

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne askari wa serikali wakaja kufanya msako wa wapiganaji wa msituni.

Sijawahi kukuandikia jambo hili wala kulisema kwa sauti. Walizunguka landhi kabla ya filimbi ya kwanza ya shedi. Wanaume wote wakachuchumaa uwanja wa mpira, mikono kichwani, vipande vya utambulisho mdomoni, na sisi wanawake tukasimama upande wa mabomba. Nilikuona mstari wa tatu. Nilimwona yule askari akitia mkono kwenye koti lako, akitoa karatasi, akivunja nta. Alimpa mkubwa wake, na mkubwa akampa mkalimani, na mkalimani akaisoma kwa sauti ili kila mtu asikie:

"Alfajiri vukeni daraja, vikosi vyote. Mkishavuka, lichomeni, asirudi mtu. Kivukoni abaki Koplo na watu kumi tu. Malkia."

Maneno yangu, Manase. Mwandiko wangu, wenye mikia ile niliyojifunza bwenini. Kivuli cha Menengai kilikuwa bado hakijatoka uwanjani na maneno yangu yakawa yanasomwa kama hukumu.

Wakauliza Malkia ni nani.

Ukasema, "Mimi."

Kuna mtu alicheka mstari wa nyuma, akapigwa teke. Wakauliza daraja gani. Ukawaambia ni rula, daraja ni rula, na mto ni uzi wa sufu wa mama yetu. Yule askari akasema, "Mtu mzima na ndevu, anacheza vidoli?" Wakakupakia kwenye lori. Mimi nilikuwa hatua ishirini, na mdomo nilikuwa nao. Ulinitazama mara moja tu, ukatikisa kichwa kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya mezani nikitaka kusogeza askari kabla ya zamu yangu. Nikanyamaza. Niseme ukweli, nilinyamaza kwa kuwa niliogopa, na ile ishara yako niliifanya kisingizio.

Siku tatu ndani ya seng'enge, uani, Julai, na mvua ile nyembamba ya Nakuru isiyokoma. Ni Mama aliyekutoa. Alijitwika kichwani lile sanduku la askari wetu wa udongo akaenda mpaka kwenye geti, akakataa kuondoka mpaka wakalifungua. Mkubwa wao aliwamwaga mezani, akawasimamisha wawili watatu, akacheka. Akasema umrudishie mama yako vidoli vyake. Ulirudi nyumbani na koti limelowa mpaka bitana. Ulikuta miguu sita imevunjika sandukuni, ukakaa chini ukaanza kuigundisha kwa ulimbo kabla hujabadilisha shati. Nilikugombeza kwa hilo. Sikukuomba msamaha. Nilikugombeza kwa shati.

Kisha kikohozi. "Vumbi la ziwa tu." Vumbi gani mwezi wa mvua? Ulikohoa ndani ya kofia ili Mama asisikie, ukaenda kazini, ukahesabu misumari na taa za reli, na kila Jumapili ulipotoka kanisani ulilala. Mimi nilikuja na kopo la chai nikasimama kitandani pako. Nikasema, amri yangu imesomwa mbele ya landhi nzima, haifai tena, tuandike upya. Ukasema, "Hapana, Malkia. Kanuni ni kanuni. Yako imeshaandikwa na yangu imeshaandikwa. Ngoja nipate nguvu za kusimama." Na ulitabasamu. Nilidhani unatabasamia chai niliyokuletea.

Oktoba wakakupeleka hospitali. Mwisho wa mwezi huo tukakuzika.

Sasa nitakueleza yaliyofuata, uyajue, kwa sababu uliondoka ukaniachia mimi niyatazame. Siku ya kunyoa nywele ndugu walikuja kutoka nyumbani kugawa vitu vyako, kama desturi inavyotaka. Baba mdogo alichukua koti. Koti lile lile! Alilivaa hapo hapo, akajitazama ubavu. Baisikeli ikaenda kwa mwanawe Elam. Viatu, saa, kitanda. Msichana hagawiwi, nilijua, nilikaa ukutani na kichwa changu kipya cha upara. Kisha wakafungua sanduku. Mzee mmoja akasema, "Hizi ni za watoto," akalimimina uani. Jeshi zima. Watoto wa landhi walirukia kama kuku kwenye mahindi. Ulikuwa umegundisha miguu ile, Manase! Kabla jua halijatua niliona kichwa cha farasi wako kwenye mfereji wa maji machafu. Niliokoa mmoja tu, nikamtia kifuani. Koplo wangu Simeo, yule wa mkono mmoja, wa miaka yetu yote kumi, ambaye hakuna dadu iliyowahi kumuua.

Kopo la chai hawakuligusa. Kopo la chai ni kitu cha jikoni. Na daftari letu lenye ramani na nafasi za majeshi lilikuwa kati ya vitabu vyangu.

Baada ya mwezi Baba mdogo akaniita. Alikuwa na haraka, wazee wa Zakayo walikuwa wameshatuma mtu mara mbili. Akaniuliza mbele ya Mama, "Marehemu alikuwa amesemaje juu ya huyu fundi?"

Nikasema, "Alikubali."

Neno moja. Nililisema bila kumeza mate. Nilijua kopo liko rafuni nyuma ya mgongo wake na nta haijavunjwa. Ningeweza kulifungua usiku wowote wa miezi hiyo. Sikulifungua kwa sababu nilikujua, na kwa sababu nilimtaka Zakayo, na kwa sababu nilikukasirikia mno. Umekufa, nilijiambia, mtu aliyekufa hana zamu. Januari nikaolewa. Gauni alinishonea mwenyewe, mikono mirefu, vifungo ishirini na nne mgongoni vilivyofunikwa kwa kitambaa, na kila kimoja alikifunika kwa mkono. Nilikuwa na furaha kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama mlangoni mwa kanisa lile. Katikati ya furaha hiyo nilikuwa nikisikia, "Kanuni ni kanuni."

Ndipo Jumapili iliyopita nikaweka blanketi mezani.

Zakayo alileta vifungo kutoka kazini, kopo zima. Tuliwapanga Wamlima kwa vifungo vyekundu vya makoti na Waziwa kwa vifungo vya buluu vya sare za shule. Farasi wako wakawa vifungo vikubwa vya shaba. Nilifuata daftari, kila kikosi mahali pake. Uzi wa sufu ukakatiza blanketi. Rula ikalala juu yake. Kwangu huku hema la Malkia kilimani, na jeshi langu lote kwenye mdomo wa daraja. Kwako kule kambi yako chini ya mlima. Na mashariki, penye matete, kivuko cha maji mafupi, na Koplo Simeo amesimama na watu wake kumi. Yeye peke yake mezani alikuwa na uso.

Zakayo alivunja nta yako. Nilimwambia asiiharibu alama ya kidole, akaipasua pembeni kwa wembe wake wa kufumulia, taratibu, kama anafumua nguo ya mtu mkubwa. Akasoma kimya. Kisha akasema, "Ameandika, vikosi vyote vije darajani, vilinde, visirudi nyuma."

Darajani! Darajani nilikuwa na watu wengi kuliko wewe. Darajani ningeshinda. Nilishika dadu, na kabla sijarusha nikauliza, "Na hali ya hewa?"

Akasema, "Hali ya hewa gani?"

Manase, miaka kumi hukuandika amri hata moja bila kuanza na hali ya hewa. Hata ukiwa na haraka, hata ukiwa umekasirika. Nilinyoosha mkono. Hakutaka kunipa. Aliishika karatasi kifuani kama mtoto, akasema, "Rebeka, amekufa. Hivi ni vifungo tu. Shinda, basi, upumzike." Nikamwambia maneno ambayo mke wa majuma sita hasemi. Nikamwambia yeye ni mwizi. Aliweka karatasi mezani akaenda kusimama dirishani, na mabega yake mazuri yakawa yameinama, na nilimpenda hata hapo, na nilimchukia, na nikasoma.

"Mawingu mlimani, mvua baada ya adhuhuri. Jenerali Majivu kwa vikosi vyote. Malkia atavuka daraja alfajiri, kwa sababu hajui kungoja. Mwachieni avuke. Washeni mioto kambini, asibaki mtu. Farasi wote kivukoni, kisha hema. Koplo Simeo asiuawe. Akamatwe, apewe chai."

Nilisoma mara tatu. Ndipo nikaelewa lile tabasamu lako.

Ulijua. Ulichuchumaa uwanjani na mikono kichwani, mkalimani akakusomea amri yangu neno kwa neno, na hapo hapo ukajua umeshinda vita. Yako ilikuwa imeshafungwa ndani ya kopo langu. Ulikaa siku tatu kwenye mvua ukijua. Ulilala majuma yale yote ukikohoa ndani ya kofia, na mimi nikija na kopo mkononi, na ungeweza kusema, Beka, fungua, umeshindwa, nenda chuo. Hukusema. Mbona hukusema? Ulitaka nifungue mwenyewe? Uliona haya kunidai, baada ya kubeba jina langu kwenye lori lile? Au uliona nilivyokuwa nikijitazama kwenye kioo kila alipopita Zakayo, ukaamua kuniachia? Kama uliniachia, siwezi kukusamehe. Uliapa hutaniachia ushindi hata mmoja, tangu nilipokuwa na miaka minane, na ndiyo sababu nilijiona mtu.

Nilimwita Zakayo arudi mezani. Alikuja, macho mekundu. Nikamwambia tucheze kama ilivyoandikwa. Akasema, "Unajua nani atashinda." Nikasema bado kuna kivuko.

Nikavusha jeshi langu. Kifungo kwa kifungo, juu ya rula, wote, mpaka ng'ambo. Kisha nikaichukua rula kutoka juu ya uzi na kuiweka chini sakafuni, kwa sababu amri yangu ilisema lichomeni. Nikaingia kambini kwako. Vibiriti vitatu tulivyosimamisha kuwa mioto, na hakuna mtu. Hakuna hata mmoja, Manase. Jeshi langu zuri limesimama katikati ya kambi tupu, na mto nyuma yake, na daraja nimelichoma mwenyewe.

Zakayo akaleta shaba zako kivukoni. Arobaini dhidi ya Koplo na watu kumi. Kila mtu arushe dadu, kama kanuni. Nilirusha sita. Farasi wakarudi nyuma hatua moja. Nikarusha sita tena, na Zakayo akapiga meza akashangilia, yeye aliyekuwa adui! "Simama, Koplo!" alikuwa akipiga kelele. "Simama hapo hapo!" Na mimi nikapiga kelele, na kwa muda wa dadu mbili nilisahau kila kitu, nilikuwa na miaka kumi na wewe uko ng'ambo ya meza ukinikunjia uso. Dadu ya tatu ikaanguka moja.

Farasi wakapita. Hema likachukuliwa. Zakayo alikichukua kifungo cha Malkia, kile cha lulu cha kola ya gauni langu la arusi nilichokuwa nimekiweka hapo, akakifunga ndani ya kiganja chake, na hakuweza kunitazama.

Tulikaa. Upepo ulikuwa umeanza kuleta vumbi jeupe la magadi chini ya mlango. Baadaye akauliza, "Miaka miwili?"

Nikasema, "Miwili."

Akauliza, "Na sisi?"

Nililia kama ambavyo sikuwahi kukulilia kaburini, kwa sauti mbaya, na nililia kwa ajili yangu, si kwa ajili yako. Majuma sita tu! Alikuja akapiga magoti kando ya kiti, akavua ile futi shingoni akanizungushia mabegani. Akasema sare ya chuo inataka kola ngumu, na kama ni lazima niende, basi nitakwenda na kola iliyonyooka kuliko zote, na mtu yeyote atakayeiona ataulizia fundi wake. Sauti yake ilikuwa na hasira. Bado ana hasira kidogo. Haimbi akipiga pasi. Hilo nalo ninakudai wewe.

Nilimwambia Mama kuhusu lile neno "alikubali". Alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua kichwa. Akasema, "Nilijua. Ulipokuwa ukisema ulitazama mlango." Akachambua tena, kisha akasema, "Manase angekupiga kofi, halafu angekupeleka stesheni mwenyewe." Baba mdogo nitamwambia akija Pasaka. Atapiga kelele akiwa ndani ya koti lako, na nitasimama nisikilize.

Mwalimu wangu wa zamani ameniandikia kwamba chuo huchukua wake za watu, ila wachache, wakileta barua za waume zao. Zakayo ameandika barua yake. Ameikosea mara nne na kuichana mara nne, ile ya tano ni nzuri. Huenda wakanikataa, Manase. Kama ningekwenda kwao Januari nikiwa msichana, wasingeuliza kitu. Kama watanikataa nitajua ni nani aliyechoma daraja. Lakini nitauliza, na wakikataa nitauliza mwaka unaofuata, na kwingine.

Sasa niko hapa makaburini, naandikia gotini, ni Jumapili baada ya kanisa. Zakayo amekaa mbali kidogo kwenye mawe akijifanya anatazama garimoshi. Nimekuletea mateka wako. Koplo Simeo amesimama upande wa kichwa chako, na chai yake iko kwenye kizibo cha chupa, ina maziwa. Mtendee vyema. Alipigana kuliko sisi wote.

Nenda salama, ndugu yangu. Sikuaga vizuri hospitalini, nilizungumza juu ya gauni. Karatasi hii nitaikunja na kuifunga kwa nta na kidole changu, na nitaizika hapa kwa kijiko. Wewe ndiye utakayeitunza, kama kanuni inavyotaka, ili nisije nikabadilisha mawazo.

Upepo wa ziwani, vumbi, mvua bado. Malkia kwa Jenerali Majivu. Umeshinda. Ninakwenda chuo. Daraja nitalijenga upya nikirudi, kwa mikono yangu na ya fundi wangu, na hutanisaidia.

Beka